Mdogo wangu haambiliki kuhusu mwalimu wake wa karate

SWALI: Mdogo wangu wa miaka 22 alianza karate ili apunguze uzito. Sasa haji nyumbani hata sikukuu, anakopa ili alipie "mafunzo ya siri", na mwalimu wake akiguswa tu tunagombana. Nimtoeje huko?

JIBU: Kuinama na kumtii mwalimu ni desturi ya kawaida ya karate. Chunguza mengine: je, mwanafunzi anaruhusiwa kuhoji, kujifunza kwingine na kuondoka bila vitisho? Ada zinajulikana mapema? Mkanda hupatikana kwa mtihani au kwa pesa?

Hatari ya kuangukia mwalimu asiye mwaminifu si ya kufikirika. Nchini Marekani, mwanzilishi wa shule za sanaa za mapigano za Chung Moo Quan, John C. Kim, alitiwa hatiani mjini Chicago mwaka 1996, pamoja na baadhi ya wakufunzi wake, kwa njama ya kukwepa kodi.

Usimtukane mwalimu. Huenda mdogo wako ameshaambiwa kuwa familia ni adui. Matusi yako yatakuwa ushahidi. Mpigie simu mzungumze mambo mengine, kisha muulize maswali ya hapo juu taratibu, ajijibu mwenyewe. Usimlipie madeni ya shule hiyo. Akipigwa au kutishwa, nendeni polisi.

Akitoka, atapoteza kwa mkupuo marafiki, ratiba na cheo. Mtafutie mshauri nasaha, na klabu nyingine akipenda. Zaidi ya yote, mpokee bila masimango.