SOMO LA ROBO HII: JINA LILILOTOLEWA KISIMANI
(Someni Mwanzo 16:1–16 na 22:1–14)



Katika ziara zetu za sharika, jina la Mungu tunalolisikia kuliko yote ni Yehova-yire. Limeandikwa kwenye mabasi, kwenye vibao vya maduka, na usharika mmoja umeliandika kwenye jalada la daftari la michango. Watu hulitafsiri "Mungu atatoa". Hatuna ugomvi na tafsiri hiyo. Ila katika kikao kimoja cha kamati tuliuliza habari za mchango wa wananchi, yaani mawe, mchanga na nguvu kazi ya kuchimba mtaro wa bomba, na jibu likawa moja tu: Yehova-yire. Kikao kikafungwa kwa sala. Mtaro haukuchimbwa.

Tangu siku ile tumelitafakari jina hili. Ibrahimu alipaita hivyo mahali pale mlimani ambapo kondoo dume alipatikana badala ya Isaka. Katika Kiebrania neno hilo limetoka kwenye kitenzi cha kuona: BWANA ataona. Maana ya kutoa imezaliwa humo, kwa kuwa aonaye haja ya mwenzake huishughulikia. Kwetu pia ni hivyo. Mtu akitaka msaada husema, "Na mimi niangalieni, jamani."

Kitenzi hicho hicho kimeshatumika sura sita kabla, tena si na baba wa imani. Kimetumiwa na Hajiri, mjakazi wa Kimisri.

Tukisoma polepole sura ya 16 tunaona jambo la kusikitisha. Sarai hamtaji Hajiri kwa jina. Abramu naye hamtaji. Kwao ni "mjakazi" tu, mtu wa kutumwa, na tumbo lake nalo limetumwa. Anapata mimba, ugomvi unaanza, anateswa, anakimbilia jangwani katika njia ya kwenda Shuri. Pale kwenye chemchemi malaika anamwita: Hajiri. Katika sura ile, huyo ndiye wa kwanza kulitamka jina lake anaposemeshwa. Anamwuliza atokako na aendako. Hajiri anajibu swali la kwanza tu. La pili hana jibu. Mtoto anapewa jina Ishmaeli, yaani Mungu husikia. Kisha mama huyu anafanya jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yake katika Maandiko: anampa Mungu jina. Anamwita Mungu aonaye, na kisima kikaitwa Beer-lahai-roi, kisima chake aliye hai anionaye.

Hatutaki kulainisha habari hii. Malaika alimwambia arudi kwa bibi yake, na neno hilo ni gumu. Katika mafunzo ya akina mama limezua mjadala mrefu kila tulipolisoma. Katika sura ya 21 anafukuzwa tena, safari hii akiwa na mkate na kiriba cha maji, na maji yanapokwisha Mungu anamfumbua macho akaona kisima. (Majirani zetu Waislamu nao wanamjua vizuri, Bi Hajara, katika Hija huenda mbio kati ya Safa na Marwa kwa kumkumbuka. Kamati za maji zenye dini zote mbili zaweza kuanzia hapo mazungumzo yao.)

Sasa tuseme na kosa letu. Katika mradi mmoja wa maji tuliandikisha wakuu wa kaya. Orodha ilikuwa safi, ikapigwa muhuri, nakala ikaenda kwa wahisani. Kadi za kuchotea zikatolewa kwa orodha hiyo. Mjane mmoja anayeishi banda la uani kwa shemeji yake alifika bombani na ndoo, akaambiwa hayumo daftarini. Akarudi mtoni. Tulikuja kujua baada ya miezi saba, na hata hapo ni kwa sababu yeye alitembea hadi ofisini kwetu. Tulipolijadili jambo lake tulikuwa tukimwita "yule mama wa banda la uani", mpaka mmoja wetu akauliza, jina lake nani? Hakuna aliyejua.

Na ripoti ile ilianza kwa maneno "Kwa jina la Bwana".

Luther katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529 anaifafanua amri ya pili kuwa inakataza kudanganya kwa jina la Mungu, na inatutaka tuliitie katika shida zote. Kwenye ombi la kwanza la Sala ya Bwana anaeleza kwamba jina hilo ni takatifu lenyewe. Tunaomba liwe takatifu na kwetu pia. Tukiandika Yehova-yire kwenye jalada na ndani ya daftari mjane hayumo, je, linatukuzwa kwetu?

Jambo moja dogo kwa wanaoandika barua za shukrani. Baadhi ya barua humwita mhisani "mwokozi wetu". Yesu maana yake ni BWANA huokoa, na jina hilo limekwisha kupata mwenyewe. Mhisani aitwe ndugu, kwani wengi wao ndilo wanalolipenda.

Fomu mpya za uandikishaji zimepelekwa sharika zote. Safu ya mwisho inauliza: ni nani mwingine analala katika boma hili, na anaitwa nani? Wajumbe waende nyumba kwa nyumba, wafike na uani, na safu hiyo isiachwe wazi.