Zijue nyasi za shamba lenu kabla ya kuomba mbegu



Maombi ya miradi ya malisho yanayofika ofisini karibu yote huanza na mambo mawili: trekta na mbegu. Ni mara chache nimeona ombi linaloeleza ni nyasi gani zimekwisha kuota katika eneo lenyewe. Somo la toleo hili linahusu jambo hilo, nami naliandika nikiwa na deni.

Miaka kadhaa iliyopita niliidhinisha kulimwa kwa ekari 4 za usharika mmoja katika ukanda mkavu wa Dodoma. Ulikuwa mwezi Oktoba na eneo lilionekana kipara. Tukapanda mbegu za kununua, mvua ikakatika Januari, miche ikaungua. Lakini ng'ambo ya uzio, ambako trekta halikufika, ilipofika Machi palijaa nyasi zenye masuke laini kama mkia wa mbweha. Mzee mmoja wa kanisa akaniuliza kwa upole kama zile si ndizo tulizonunua. Zilikuwa ndizo. Kitaalamu huitwa Cenchrus ciliaris, na huku kwetu huota zenyewe. Fedha ya wahisani ilitumika kuzing'oa ili kuzipanda upya.

Basi tujifunze. Wakati mzuri ni Machi na Aprili, masuke yakiwa yametoka. Kiangazi hata mtaalamu hubahatisha.

Kwanza shika shina na ulizungushe kwa vidole. Likiwa na pembe tatu na halina vifundo, hiyo ni ndago au jamaa yake, si nyasi halisi. Shina la nyasi ni la mviringo au bapa kidogo, lina vifundo, na jani hulizunguka kama ala ya kisu.

Pili, vuta. Nyasi za msimu mmoja hung'oka kwa urahisi na mizizi yake ni michache. Nyasi za kudumu hukataa. Chini zina kitako kigumu chenye mabaki ya majani ya miaka iliyopita. Tofauti hii ina uzito kuliko majina yote, kwa sababu za kudumu ndizo hushika udongo na kuchipua mvua ya kwanza inaponyesha. Kile kitako kikavu ambacho Oktoba nilikiona kama takataka kilikuwa mmea hai.

Tatu, tazama suke. Ukoka una vidole vitatu hadi sita vinavyoanzia mahali pamoja, nao hutambaa. Nyasi za Rhodes (Chloris gayana) zina vidole vingi zaidi na husimama juu sana, ingawa nazo hutambaa. Wengi huzichanganya na ukoka. Eragrostis superba, ambayo ng'ombe huipenda, ina vishada bapa vyenye kingo kama meno ya msumeno. Themeda triandra huwa na rangi nyekundu-kahawia inapokomaa. Mkiiona hiyo kwa wingi, mshukuru wachungaji wa mifugo wa eneo hilo, maana huwa ya kwanza kupungua malisho yanapozidiwa.

Kuna na zile za kuangaliwa. Heteropogon contortus huliwa vizuri ikiwa changa, lakini ikikomaa hutoa nyuzi nyeusi zinazojisokota pamoja, na mbegu zake kali hupenya ngozi ya kondoo na mbuzi. Aristida hutambulika kwa nyuzi tatu katika kila mbegu. Hii mifugo huiacha.

Na kwa kuwa huachwa, huenea. Mifugo hula kwanza zilizo tamu. Hizo hukatwa tena kabla hazijazaa mbegu, na nafasi yake huchukuliwa na zisizopendwa. Eneo lililojaa Aristida mara nyingi linatueleza habari za ulishaji, na trekta halitaponya hilo. Hata hivyo msiifyeke yote, maana nayo inazuia udongo usichukuliwe na maji.

Wengine watasema ardhi yao imechoka mno. Kondoa ilikuwa imechoka zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma (HADO) ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika eneo lililomomonyoka la Kondoa. Uoto ulirudi, sehemu kubwa wenyewe. Sisemi tuige amri ile, kwani iliwagharimu sana wafugaji. Kwa usharika, kufunga sehemu moja kwa msimu mmoja au miwili kunatosha kuonyesha kilichomo.

Namna ya kupima ni rahisi. Tembea hatua 100 kwa mstari ulionyooka. Kila hatua tazama kilicho mbele ya ncha ya kiatu: nyasi ya kudumu inayoliwa, nyasi nyingine, au udongo mtupu. Andika. Kwa uzoefu wangu, hata zile nzuri zikiwa 10 tu kati ya 100, pumzisheni kwanza kabla ya kulima.

Wapelekeni wazee na vijana wanaochunga. Majina ya kienyeji wanayo wao, na mara nyingi wanajua pia nani anakula nini na mwezi gani. Kuanzia sasa, kila ombi la mbegu za malisho liambatane na hesabu hiyo ya hatua 100 na mimea mitano iliyokaushwa ndani ya gazeti, pamoja na mizizi yake, kila mmoja ukiwa na jina la kienyeji na mahali ulipotoka. Tafadhali msiilete mibichi ndani ya mifuko ya plastiki, huoza njiani.