KICHUJIO CHA MCHANGA KINAPOZIBA BAADA YA MVUA ZA KWANZA

Masika yanapoanza, mito hubadilika rangi. Maji yaliyokuwa maangavu wakati wa kiangazi hugeuka mekundu kwa udongo uliokokotwa kutoka mashambani. Shule inayoteka maji mtoni na kuyasafisha kwa kichujio cha mchanga huliona badiliko hilo upesi: katika muda wa siku chache bomba lililokuwa likitiririka vizuri hutoa uzi mwembamba wa maji, na tangi halijai tena.

Aghalabu shauri linalotolewa kwanza ni kuutoa mchanga wote, kuuosha na kuurudisha. Shauri hilo huonekana la busara, kwa sababu maji huanza tena kutiririka kwa nguvu. Lakini kwa wiki kadhaa baada ya hapo kichujio huwa kinapitisha maji bila kuyasafisha ipasavyo, tena katika majira yale yale ambayo mvua huosha vinyesi na kuviingiza mitoni. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini mambo huwa hivyo, na jinsi ya kuutafuta ugonjwa wa kichujio kabla ya kukipa dawa.

Kichujio ni kitu chenye uhai

Kichujio tunachokizungumzia ni kile kinachopitisha maji polepole. Ni birika lenye kokoto na changarawe chini, juu yake mchanga safi wenye kina cha sentimita 80 hivi, na juu ya mchanga maji yenye kina cha mita 1 hivi. Maji hushuka ndani ya mchanga kwa mwendo wa mita 0.1 hadi 0.2 tu kwa saa. Kwa mfano, shule yenye wanafunzi 600, kila mmoja akitumia lita 20 kwa siku, huhitaji lita 12,000, yaani mita za ujazo 0.5 kwa saa. Kwa mwendo wa mita 0.1 kwa saa, kichujio chenye eneo la mita za mraba 5 kinatosha.

Ifahamike kwamba nafasi zilizo kati ya chembe za mchanga ni kubwa mara nyingi kuliko bakteria. Basi mchanga peke yake hauwezi kuwazuia kama vile chujio la chai linavyozuia majani. Kazi kubwa hufanywa na utando laini unaojijenga juu ya mchanga na katika sentimita chache za kwanza. Wajerumani waliupa jina la Schmutzdecke, yaani blanketi la uchafu. Ndani yake wamo bakteria wasiodhuru, mwani na wanyama wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hunasa viini vya maradhi na kuvila. Utando huo ndio unaosafisha maji, na ndio huo huo unaozidi kuwa mnene hata ukaziba njia. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi ya mtunza kichujio: kinachomsumbua ndicho kinachomlinda.

Funzo la Hamburg na Altona

Mwaka 1892 kipindupindu kiliupiga mji wa Hamburg, Ujerumani, kikaua watu zaidi ya 8,000. Mji wa Altona ulikuwa umepakana nao, na miji yote miwili ilitumia maji ya mto Elbe. Tena Altona ilichota maji yake chini ya mahali ambapo uchafu wa Hamburg uliingia mtoni. Hata hivyo Altona iliponea chupuchupu, kwa kuwa maji yake yalipitishwa katika vichujio vya mchanga, na ya Hamburg hayakupitishwa.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Majira ya baridi yaliyofuata, kipindupindu kilizuka kwa kiasi kidogo katika Altona yenyewe. Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa bakteria, alichunguza jambo hilo akaona kwamba kichujio kimoja kilikuwa kimeharibika kiliposafishwa wakati wa baridi kali, mchanga wake ukaganda, na maji yakapita bila kusafishwa sawasawa. Hatari ilitokana na namna kichujio kilivyosafishwa.

Pima kabla ya kuchimba

Mwaka 1856 mhandisi wa Kifaransa, Henry Darcy, alichapisha kanuni inayotusaidia hapa. Mwendo wa maji katika mchanga, v, ni sawa na K × h ÷ L. Hapa h ni tofauti ya kimo cha maji kati ya juu na chini ya mchanga, L ni kina cha mchanga, na K ni wepesi wa mchanga kupitisha maji.

Kwa mchanga safi ambao chembe zake zina upana wa milimita 0.2 hivi, K huwa karibu na mita 1.4 kwa saa. Ili maji yapite kwa mwendo wa mita 0.1 kwa saa katika kina cha mita 0.8, h huwa 0.1 × 0.8 ÷ 1.4, yaani mita 0.057. Hizo ni sentimita 6 tu. Sasa tuseme kichujio kimeziba, na tofauti imefika sentimita 90 kwa mwendo ule ule. Mchanga wa chini haukubadilika. Bado unahitaji sentimita 6 zake. Basi sentimita 84 zilizobaki zinapotea katika utando wa juu, wenye unene wa sentimita moja au mbili. Hesabu hii ndogo yaonyesha kwamba hakuna haja ya kuuchimba mchanga wote.

Ili kuipima tofauti hiyo, unganisha mrija wa plastiki unaoonyesha ndani na bomba la kutolea maji, mahali palipo kabla ya vali, kisha uusimamishe wima kando ya ukuta wa birika. Maji yatapanda ndani ya mrija na kutulia. Linganisha kimo chake na kile cha maji yaliyo juu ya mchanga. Kama maji ya mrija yako chini sana, kizuizi kimo mchangani. Kama vimo viwili vinakaribiana ilhali maji hayatoki, mchanga hauna kosa: tazama vali au bomba lililo mbele yake.

Sababu za kuziba

Ikiwa kizuizi kimo mchangani, hapana budi kuuliza kimetokana na nini, kwa maana kila sababu ina tiba yake.

Kwanza ni tope la mvua. Jaza bilauri maji ya mto na uyaache yatulie. Chembe ya mchanga mwembamba yenye upana wa milimita 0.01 huzama mita moja katika muda wa saa 3 hivi, lakini chembe ya udongo wa mfinyanzi yenye upana wa milimita 0.001 huhitaji siku 13 hivi. Upana ukipungua mara 10, mwendo wa kuzama hupungua mara 100. Kwa hiyo, kama bilauri inaanza kung'aa baada ya saa chache, tangi la kutuliza maji litasaidia. Kama maji yanabaki na rangi ya chai ya maziwa hadi kesho yake, tangi hilo peke yake halitoshi. Yatakiwa kuyapitisha kwanza katika kichujio cha changarawe, njia iliyofanyiwa utafiti katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1980, au kuyatia shabu au unga wa mbegu za mlonge ili chembe zigandamane na kuzama kabla ya kufika mchangani.

Pili ni mwani. Huu hustawi zaidi wakati wa kiangazi, maji yakiwa maangavu na jua kali. Tiba yake ni kivuli: funika birika kwa paa jepesi.

Tatu ni hewa. Viputo hunaswa kati ya chembe za mchanga na kuzuia maji. Hutokea hasa birika linapojazwa kutoka juu baada ya kukauka, au mdomo wa kutokea maji unapokuwa chini ya uso wa mchanga. Mdomo huo yafaa uwe juu kidogo ya uso wa mchanga, ili mchanga usikauke kamwe.

Namna ya kusafisha

Funga maji yanayoingia, uache maji yashuke hadi sentimita 10 au 20 chini ya uso wa mchanga. Tandika mbao za kukanyagia. Kwa koleo bapa, kwangua sentimita 1 hadi 2 za juu, wala usizidishe. Fanya kazi hiyo upesi, maana viumbe walio chini hufa wakikosa maji na oksijeni. Kisha jaza birika kutoka chini kwa maji yaliyochujwa, ili hewa isukumwe juu, na ufungue maji ya mto kidogo kidogo.

Utando mpya huchukua siku kadhaa, pengine wiki mbili, kukomaa. Katika muda huo maji ya kunywa yachemshwe, au yatiwe klorini baada ya kutoka kichujioni. Klorini isitiwe kamwe katika maji yanayoingia, kwani itawaua wale wanaotufanyia kazi. Shule ikiweza kujenga vichujio viwili, kimoja kitaendelea kusafisha maji wakati kingine kinapopumzika.

Mchanga uliokwanguliwa uoshwe na kuwekwa akiba. Kina kikipungua kutoka sentimita 80 hadi 50, mchanga urudishwe: ule uliooshwa uwekwe chini, na ule wa zamani juu yake, kwa kuwa una mbegu ya utando mpya.

Pengine msomaji aliyewahi kuona bwawa la kuogelea hotelini atauliza: kwa nini tusigeuze mkondo na kuufukuza uchafu, kama wafanyavyo huko? Kichujio cha bwawa hupitisha maji kwa shinikizo, kwa mwendo ulio mara mia kadhaa ya huu wetu. Kazi yake ni kunasa uchafu tu. Viini vya maradhi huuawa na klorini. Kwa hiyo mkondo ukigeuzwa hakipotezi kitu. Chetu kingepoteza kinga yake yote.

Kazi ya darasani

1. Kata kitako cha chupa mbili za plastiki, zigeuze na uzijaze mchanga uliooshwa. Moja ipitishie maji ya tope, na nyingine maji hayo hayo baada ya kutulia siku moja. Pima mililita zinazotoka kila dakika 10 na uchore grafu. Maji hayo yasinywewe.

2. Kichujio kinakwanguliwa sentimita 1.5 kila mara. Kitakwanguliwa mara ngapi kabla ya kina kupungua kutoka sentimita 80 hadi 50?

3. Mtunza kichujio anaona maji yakitoka kwa wingi kuliko kawaida siku moja baada ya kukwangua. Je, afurahi au ahadhari? Toa sababu.