Mwalimu ni Kiongozi: Ilimu ni Nini?

Ama baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, somo letu ni juu ya ilimu na juu ya yule anayeibeba mbele ya watu, naye ni mwalimu.

Maulamaa wamesema kwamba ilimu ni kukijua kitu kama kilivyo. Basi aliyehifadhi maneno mengi, na ndani yake mna jambo lisilokuwa kama alivyolihifadhi, hajalijua jambo hilo hata akilisoma kwa sauti nzuri. Na yakini ina daraja zake: kuna kujua kwa khabari, kuna kujua kwa kuona kwa macho, na kuna kujua kwa kulionja jambo lenyewe. Mwalimu asiyezitenga daraja hizi huwapa watu dhana yake akaiita ilimu.

Tutatoa mfano juu ya nafsi zetu. Siku moja tulikuwa Kitui tukisomesha mlango wa tayamamu. Tukasema: "Msafiri akifika kwenye mto, akaukuta mkavu, mchanga mtupu, basi na atayamamu." Kijana mmoja akanyosha mkono, akasema: "Maalim, mto wetu ukikauka tunachimba mchanga, na maji tunayapata." Watoto wakacheka, nasi tukamwambia anyamaze, asitukatize darasa.

Usiku ule hatukulala vizuri. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, mtu asiye na yakini kwamba maji hayako, hulazimika kuyatafuta kwanza. Na mito mingi ya Kitui na Makueni ndiyo hivyo ilivyo: mvua zikisha, juu hubaki mchanga, na maji hukaa chini yake, yamesitiriwa na jua. Wenyeji hujenga kuta za mawe na saruji katika mikondo ya mito hiyo ili mchanga ujae nyuma yake na maji yakae humo. Basi kijana yule alikuwa na ilimu ya kuona na kuonja, na sisi tulikuwa na mfano wa kitabuni. Tena kauli yake ndiyo iliyowafikiana na sharia, na yetu ndiyo iliyopungua. Laiti tungaliachiliwa, wanafunzi wetu wangalitayamamu juu ya maji.

Kosa hili si geni, na katika nchi hii hii ya Kitui limetokea kubwa kuliko hilo. Mwaka 1849 alikuwako Kivoi, mkubwa wa Wakamba, mfanya biashara ya pembe za ndovu na kiongozi wa misafara ya kwenda pwani. Alimweleza Krapf, mmishenari wa Kijerumani aliyekuwa akikaa Rabai, khabari za mlima ulio mbali wenye kitu cheupe juu yake. Tarehe 3 Disemba mwaka ule Krapf akauona kwa macho yake kutoka Kitui, nao ndio Mlima Kenya. Lakini London alikuwako bwana mmoja mtaalamu wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kuikanyaga Afrika. Yeye alizipinga khabari hizo, akashikilia kwamba theluji katika milima hii haiko. Mwaka 1883 Joseph Thomson akauona mlima huo, na mwaka 1899 Halford Mackinder akafika kileleni.

Cooley hakuwa mjinga. Alisoma vitabu vingi. Ila aliyapenda aliyokwisha kuyaandika kuliko haki iliyomjia kutoka kwa watu aliowaona wako chini yake. Ugonjwa huu ndio ulioturukia sisi darasani.

Ndugu zetu waalimu, wa vyuo na wa skuli, jueni kwamba mwalimu ni kiongozi kwa kuwa anafuatwa. Kosa la mtu mmoja humpata yeye. Kosa la mwalimu hutembea katika vinywa vya wanafunzi wake miaka na miaka. Wengine huogopa kwamba wakikiri kosa, heshima itawatoka. Na watazame swala ya jamaa: imamu akisahau, maamuma aliye nyuma humkumbusha kwa kusema Subhanallah, naye akikumbuka hurejea. Uimamu wake hauondoki kwa kurejea. Wenye hasara ni jamaa walionyamaza kwa kumwogopa.

Sisi asubuhi yake tulimsimamisha kijana yule mbele ya wenziwe, tukasema: "Jana huyu alisema kweli, na sisi tulikosa." Hakuna aliyecheka. Na tangu siku ile masuali katika darasa letu yamezidi, wala adabu haikupungua.

Basi tuyajadili haya katika duara zetu: Ni mambo gani tunayoyasomesha kwa khabari tu, na mwanafunzi wetu ameyaona kwa macho? Ni lini mara ya mwisho tuliposema "sijui" mbele ya wanafunzi? Na yuko wapi yule tuliyemnyamazisha?

Mwenyezi Mungu atujaalie tuifuate haki popote inapotoka. Amin.