Mgonjwa wa masikio aelezwe mpaka aelewe

Suratu Ibrahim, aya ya 4, inatufundisha kuwa kila Mtume alizungumza na watu wake kwa lugha yao, ili wabainikiwe. Fundisho hilo haliishii msikitini. Leo tulitazame katika hospitali zetu, hasa kwa wagonjwa wa masikio.

Hapa Lupepo, wilayani Rungwe, wazee wengi wamekulia katika Kinyakyusa. Kiswahili kwao ni lugha ya pili, na Kiingereza hawakijui kabisa. Mzee mmoja, jirani yangu, alipimwa masikio akarudi na karatasi yenye mchoro na maneno ya Kiingereza. Alichoambulia ni kwamba masikio yake "yameharibika". Akadhani ni uchafu. Miezi kadhaa akawa anatia mafuta ya uvuguvugu na kuchokonoa kwa njiti ya kiberiti, jambo linaloweza kutoboa ngoma ya sikio.

Nilimwomba tabibu mmoja atusomee karatasi ile. Kumbe habari yenyewe ni nyepesi. Alama ya duara ni sikio la kulia, na alama ya X ni la kushoto. Kadiri alama zinavyoshuka, ndivyo usikivu ulivyopungua. Zake zilikuwa kwenye desibeli 55, yaani mazungumzo ya kawaida yanampita hata pakiwa kimya. Tatizo liko ndani kabisa ya sikio, si nta. Kwa hiyo mafuta hayamsaidii; kinachoweza kumsaidia ni kifaa cha kusikilizia. Maelezo hayo hayakuchukua hata dakika tano!

Jambo hili si dogo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 inaeleza kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Kwa watoto, karibu asilimia 60 ya upungufu huo unatokana na sababu zinazozuilika. Lakini atazuiaje mzazi asiyeelezwa kwamba sikio linalotoa usaha ni la kutibiwa haraka, au kwamba chanjo ya surua humkinga mtoto na uziwi pia?

Nini kifanyike? Kwanza, tabibu amtazame mgonjwa usoni, aseme polepole bila kupiga kelele, kwani asiyesikia vizuri hufuata pia midomo. Pili, aandike kwa Kiswahili mambo mawili au matatu: tatizo ni nini, afanye nini, arudi lini. Tatu, na hili ndilo kubwa, amwombe mgonjwa aeleze alichoelewa.

Sisi walimu wa madrasa tunaijua njia hii. Ustadhi husoma, mwanafunzi hurudia, akikosea husahihishwa. Ukimuuliza tu "umeelewa?", atajibu "ndiyo". Mzee wetu naye huitikia kwa adabu, kumbe hakusikia hata nusu. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Anas (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akirudia neno mara tatu ili lieleweke.

Nasi jamaa tusimwache mzee aende hospitali peke yake. Tumsindikize, tuulize bila haya, na tusitoke kabla ya kuelewa. Kueleweshwa ni haki ya mgonjwa, na kwa tabibu ni amana.

Wabillahi tawfiq.