Omba sufuria ndogo

Mama wa Manika,

Pole kwa yote, na kwa njia ya Lusaka uliyoipita ukitafuta mionzi ya kutibu kansa. Unauliza kama urudi sasa kwenye kantini ya mgodi, au ukae nyumbani mpaka mkono upone kabisa, kama mume wako anavyotaka. Rudi. Ila usirudi kwenye sufuria ileile.

Umeandika kwamba ulitolewa tezi za kwapani kulia, na kwamba kazi yako ni kusonga bukari ya zamu nzima. Mkono wa namna hiyo unaweza kuvimba hata baada ya miaka, maana maji ya mwilini yamepungukiwa njia. Zamani madaktari walikataza kabisa kubeba. Siku hizi wanajua kwamba mkono unaozoeshwa uzito kidogo kidogo hupata nguvu. Anza na kuchambua sombe, kupanga sahani, kuandika vya stoo. Mwiko mrefu ungoje. Vaa glovu ukikata nyama, na ukijikata au kuungua, osha kwa sabuni palepale. Mkono ukiwa mwekundu na homa ikapanda, nenda hospitali siku ileile, zamu iishe isiishe. Lile joto linalokushika ghafla hata ukiwa mbali na moto, mara nyingi huletwa na tamoksifeni, dawa yako ya kansa. Mwambie daktari, lakini vidonge usiviache: kwa kawaida humezwa miaka mitano au zaidi.

Sasa karatasi. Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 inamruhusu mwajiri kuvunja mkataba wa mgonjwa aliyekosa kazi miezi sita mfululizo, akimlipa fidia. Wewe uko mwezi wa tano. Ndiyo maana sikubaliani na mume wako, ingawa woga wake nauelewa. Daktari aandike cheti chenye maneno wazi: mkono upi, uzito gani, kwa muda gani. Akiandika “kazi nyepesi” tu, msimamizi atakupa ndoo ya maji na kusema hiyo nayo ni nyepesi. Nakala mpe delege wa sendika. Uliza pia mshahara wa miezi ya ugonjwa: sheria hiyohiyo inakupa theluthi mbili, na usishangae wakijifanya hawaijui.

Wanaonong'ona kwamba umelogwa, waambie mara moja: ilikuwa kansa, ilitolewa, naendelea na dawa. Wengine watacheka. Mmoja atakufuata stoo na uvimbe aliouficha. Huyo mwambie aonane na daktari wiki hiyohiyo, asingoje mshahara.