Kumbikumbi Watokapo

Wenzangu, jioni moja mvua kubwa ilipokatika, ardhi ya bustani yetu hapa Niboye ilitoboka matundu, na kumbikumbi wakatoka kama moshi. Mama akasema, “Zima taa upesi! Hao ni ndugu wa mchwa waliokula mwimo wa mlango wetu.”

Alisema kweli. Kumbikumbi hufuata mwanga. Akitua huangusha mbawa zake nne. Kisha dume na jike hufuatana, huchimba shimo, wakawa mfalme na malkia wa kichuguu kipya.

Lakini kwa nini hutoka wote kwa pamoja? Kuku, ndege na vyura hula mpaka washibe, na bado wachache husalimika. Nyenje fulani wa Marekani hufanya vivyo hivyo, baada ya kukaa ardhini miaka 13 au 17. Mwaka 2024 yalitoka pamoja makundi mawili yao ambayo hayakuwa yamekutana tangu 1803.

Basi, mvua ikikatika jioni, tuzime taa za nje. Vichuguu vya mbali na nyumba tuviache: njia za mchwa huusaidia udongo kunywa maji.